Bangili Ndani ya Mkebe wa Visheti: Soma Hii Kabla Hujatuma Dhahabu kwa Basi

Kama umekulia Majengo kama mimi, unajua kwamba harusi haianzi na kadi. Inaanza na kikao cha akina mama sebuleni, mlango umerudishwa, na swali moja: bibi harusi atavaa dhahabu ya nani?

Kwetu jibu lilikuwa lile lile miaka yote. Bibi yetu aliacha bangili nne za karati 22, jumla tola tatu, yaani kama gramu 35. Si za mtu mmoja. Ni za mabinti zake wote, na kila msichana wa ukoo akiolewa huazimwa siku ya kupamba, kisha zinarudi kabatini kwa mama mkubwa. Mamangu alizivaa. Dada yangu alizivaa.

Mwaka 2022 ikawa zamu ya binamu yangu aliyekuwa akiolewa Nairobi, mtaa wa Eastleigh. Mama mkubwa goti lilikuwa linamsumbua, hakuweza kusafiri mapema. Akafanya wanavyofanya wengi. Akazifunga bangili kwa kitambaa, akazitia ndani ya mkebe wa visheti, mkebe akauweka katikati ya madera mawili na leso, boksi likazungushwa selotepu mpaka likang'aa. Mimi ndiye niliyelipeleka Mwembe Tayari, kwenye ofisi ya mabasi.

Kijana wa kaunta akaniuliza, "Ndani mna nini?"

"Nguo," nikajibu, kama nilivyoagizwa.

"Thamani yake?"

"Aah, nguo tu."

Akaandika NGUO. Malipo yalikuwa shilingi 400. Nikaomba nambari ya till, akaniambia till inasumbua leo, tuma kwa hii. Nikatuma. SMS ikaingia, nikaona mambo yameisha.

Boksi lilifika. Madera yalifika, leso ilifika. Mkebe haukufika.

Tuliporudi ofisini, meneja aligeuza risiti akatuonyesha maandishi madogo ya nyuma. Mzigo usiotangazwa thamani hulipwa shilingi 3,000 basi. Vito, pesa taslimu na simu havipokelewi bila kutangazwa. Kisha akaigeuza mbele, akaweka kidole juu ya neno NGUO. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Wewe ulituambia umetuma nini?"

Bangili zile zilikuwa na thamani ya zaidi ya laki mbili wakati huo. Mimi sikuwa na la kumjibu.

Leo nafanya kazi kwenye malipo ya simu, na kila msimu wa harusi husikia swali lile lile kutoka kwa wateja: "Nimelipia, SMS ninayo, mbona silipwi?" Kwa hivyo tuongee vizuri, tangu mwanzo.

Nauli inabeba boksi, haibebi thamani

Hapa ndipo wengi tunapotegwa. Ukilipa shilingi 400 kutuma mzigo Nairobi, umenunua safari ya boksi. Hujanunua bima. Gharama ya kubeba viatu vya mtumba na gharama ya kubeba mkufu wa dhahabu inaweza kuwa sawa kabisa, kwa sababu anayebeba anaangalia ukubwa na uzito. Boksi likipotea, atalipa kulingana na kile alichoambiwa kimo ndani na kikomo kilichoandikwa kwenye masharti yake.

Bima ni mkataba mwingine. Unasema: ndani mna kitu hiki, thamani yake ni hii, na mimi nalipa kiasi fulani juu ya nauli ili mtu mwingine abebe hasara kikipotea. Bila maneno hayo kuandikwa na bila malipo hayo kutolewa, bima haipo, hata kama mfanyakazi amekuambia "usijali, mzigo wako uko salama".

Dhahabu inaumia zaidi ya bidhaa nyingine kwa sababu ina thamani kubwa na uzito mdogo. Angalia mfano wa mizigo ya ndege ya kimataifa. Kenya ni mwanachama wa Mkataba wa Montreal wa 1999, na mkataba huo unahesabu fidia ya mzigo kwa kilo. Tangu Desemba 28, 2024, kikomo ni SDR 26 kwa kila kilo. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha Duniani, na kwa hesabu ya haraka SDR 26 ni kama dola 35. Sasa chukua boksi la nusu kilo lenye bangili za bibi. Likipotea angani, kikomo kinakuwa kama dola 17. Hiyo haitoshi hata kulipia kazi ya sonara.

Lakini mkataba huo huo unatoa mlango: mtumaji akitangaza thamani halisi wakati wa kukabidhi mzigo, na akilipa nyongeza inayotakiwa, kikomo kile cha kilo kinaondoka na kinahesabiwa kile alichotangaza. Mlango uko kwenye kaunta. Ukishaondoka kaunta, umefungwa.

"Nikisema ni dhahabu, si nitaibiwa?"

Hili ndilo swali lililomfanya mama mkubwa aniambie niseme nguo, na wallahi si swali la kijinga. Ukitangaza dhahabu mbele ya foleni, masikio ni mengi. Ukinyamaza, huna haki ya fidia. Utafanyaje?

Jibu zuri zaidi ninalolijua lina umri wa zaidi ya miaka 60. Novemba 1958, sonara mkubwa wa New York, Harry Winston, aliamua kuipa taasisi ya Smithsonian mjini Washington almasi ya buluu iitwayo Hope. Almasi hiyo ina karati 45.52, yaani kama gramu 9 tu. Hakukodi gari la kivita. Aliituma kwa posta ya rejista, imefungwa kwa karatasi ya kahawia ya kawaida, na mtu wa posta akaifikisha.

Sasa tazama hesabu. Gharama yote ilikuwa dola 145.29. Kati ya hizo, nauli ya posta ilikuwa dola 2.44. Dola 142.85 zilizobaki zilikuwa za bima ya dola milioni moja. Bima ilimgharimu karibu mara 58 ya nauli, na alilipa.

Somo ni hili: nje ya kifurushi usiandike kitu, kwenye mkataba andika kila kitu. Boksi la Winston halikumwambia mpita njia chochote. Karatasi za posta zilijua kila kitu. Sisi tulifanya kinyume. Tuliificha dhahabu kwenye karatasi ambayo ingetulinda, tukaiacha ndani ya boksi ambalo mtu yeyote angeweza kulipasua kwa kisu.

Kwa hivyo usiseme kwa sauti mbele ya foleni. Omba kuongea na msimamizi ndani ya ofisi. Jaza fomu wewe mwenyewe. Kama ofisi haina pa kuongelea faragha na haina fomu ya kutangaza thamani, hiyo nayo ni habari: hawako tayari kubeba dhahabu, na wewe usiwape.

Njia zilizopo, na maswali ya kuuliza

*Kampuni ya vifurushi au basi.* Kwanza hakikisha ina leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, maana ndiyo inayosimamia biashara ya vifurushi nchini. Kisha uliza mambo matatu. Je, mnakubali vito? Kikomo chenu cha fidia ni shilingi ngapi? Nikitangaza thamani kubwa zaidi, naongeza kiasi gani na napewa karatasi gani? Kampuni nyingi, hata zile kubwa za kimataifa, huweka dhahabu na vito kwenye orodha ya vitu wasivyobeba au wanavyobeba kwa masharti maalum. Wakisema hawabebi, waamini. Ukiificha ndani ya nguo, umevunja mkataba kabla basi halijafika Mariakani.

*Posta.* Kanuni za Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa mwaka 1874, haziruhusu dhahabu, fedha na vito kutumwa ndani ya barua ya kawaida kwenda nchi nyingine. Vinatakiwa viende kama kitu chenye bima. Si kila nchi inapokea vitu vya aina hiyo, kwa hivyo uliza kaunta ya posta kuhusu nchi unakotuma na kiwango cha juu cha bima kabla hujafunga boksi.

*Kampuni ya bima.* Hapa unamwendea mtoa bima au wakala wake mwenyewe, unaomba bima ya mali ikiwa safarini. Angalizo: bima nyingi za mizigo safarini huacha nje pesa na vito mpaka vitajwe kwa jina. Usikubali kuambiwa "iko covered" kwa mdomo. Tafuta neno "vito" au "dhahabu" kwenye mkataba, na uone limewekwa upande gani. Orodha ya kampuni na mawakala wenye leseni hutolewa na mamlaka ya serikali inayosimamia bima, ile inayojulikana kama IRA.

*Takaful.* Najua mtaani kwetu kuna wanaoiogopa bima kwa sababu ya dini. Takaful ni mfumo wa washiriki kuchangiana na kusaidiana kwenye hasara kwa kufuata sharia, na umekuwepo Kenya tangu 2011. Maswali ni yale yale: vito vimo, na kwa kiasi gani?

*Bima ya sonara.* Kama umeagiza mkufu mpya na sonara ndiye anayekutumia, muulize nani anabeba hasara ukipotea njiani. Wapo masonara walio na bima ya biashara inayofuata bidhaa mpaka inapokabidhiwa, na wapo wasio nayo. Jibu liandikwe kwenye risiti ya mauzo.

*Kusafiri nayo.* Kama ni kitu cha urithi, hakuna bima inayokurudishia mkono wa bibi uliokivaa. Bima hulipa pesa. Wakati mwingine nauli ya mtu mmoja wa kuaminika ndiyo bima ya bei nafuu.

Na kama ni dhahabu ya kununua tu, si ya urithi, jiulize: lazima isafiri? Unaweza kumlipa sonara wa huko huko kwa simu, bibi harusi akaenda kuchagua mwenyewe. Kinachosafiri ni pesa, na pesa ya simu haiingii kwenye buti la basi.

Uongo mdogo unaogharimu sana

Wapo wanaotangaza, lakini nusu. Ili ada ya bima iwe ndogo, bangili za laki mbili zinaandikwa laki moja. Wenye bima wana kanuni ya kukata fidia kwa uwiano huo huo. Ukipoteza bangili moja ya shilingi 50,000 kati ya nne, hutalipwa 50,000. Uliweka bima ya nusu ya thamani, utalipwa nusu ya hasara, yaani 25,000. Zikipotea zote, hutapita ile laki moja.

Wengine, hasa wanaotumiwa na ndugu walioko Dubai au Saudia, huomba mzigo uandikwe "zawadi, dola 20" ili kukwepa ushuru. Mbali na kwamba ni kosa mbele ya forodha, mzigo ukipotea karatasi itasema dola 20, na utalipwa kama mwenye dola 20. Huwezi kuwa na thamani mbili, moja ya kuonyesha forodha na nyingine ya kudai fidia.

Kuzidisha nako hakufai. Bima inakurudisha ulipokuwa kabla ya hasara, haikupi faida. Bangili za laki mbili ukiziandika laki tano, utaulizwa ushahidi, na dai lako lote linaweza kukataliwa.

SMS ya malipo inathibitisha nini?

Hapa ni kazi yetu, kwa hivyo nisikilize vizuri. Ujumbe wa muamala unathibitisha kwamba kiasi fulani kilitoka kwako kikaenda kwa fulani, siku fulani, saa fulani. Ni ushahidi mzuri sana. Lakini hausemi ndani ya boksi mlikuwa na nini. Kwa hivyo:

Lipa kwa nambari ya biashara, Paybill au till, na usome jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Liwe jina la kampuni. Mimi nilituma kwa nambari ya kijana wa kaunta, na kampuni iliponiuliza nimemlipa nani, SMS ilitaja jina la mtu binafsi. Till ikisumbua, subiri au lipa taslimu upewe risiti ya kampuni.

Kama ni Paybill, weka nambari ya kifurushi kwenye sehemu ya akaunti. Hapo malipo na mzigo vinafungwa pamoja.

Lipa nauli na ada ya bima kwa njia inayoonyesha kila moja, au hakikisha risiti inazitenganisha. Risiti ikionyesha nauli peke yake, bima haijalipwa.

Usifute ujumbe. Piga picha ya skrini, ihifadhi pamoja na picha ya risiti, mbele na nyuma. Hasa nyuma.

Jihadhari na "ada ya bima" ya uongo

Kuna matapeli wanaotumia neno hili hili. Unapigiwa simu au unapata ujumbe: una kifurushi cha dhahabu kutoka ng'ambo, kimezuiliwa uwanja wa ndege, tuma pesa ya bima kiachiliwe. Mara nyingi mtumaji ni "rafiki" uliyekutana naye mtandaoni. Ukituma ya kwanza, itakuja ada ya pili na ya tatu.

Bima hulipwa na anayetuma, kabla mzigo haujaondoka. Mtu anayekudai bima ya mzigo uliokwisha kufika, kwa nambari yake binafsi, ni mwizi. Na hakuna kampuni yoyote, hata sisi, itakayokuomba PIN yako.

Kabla na baada ya kukabidhi

Chukua risiti ya sonara yenye uzito, karati na bei. Kama ni ya urithi na risiti haipo, mpelekee sonara akupimie na akuandikie. Piga picha kila kipande kikiwa juu ya mzani. Funga mbele ya mfanyakazi, bandika sili, andika nambari ya sili kwenye risiti. Mtumie mpokeaji picha ya boksi lililofungwa.

Mpokeaji naye ana kazi. Asitie sahihi kwanza. Aangalie sili, apime uzito kama kuna mzani, afungue pale pale huku mtu akirekodi kwa simu. Kitu kikipungua, kiandikwe kwenye karatasi ya kupokea kabla ya sahihi.

Ukigundua hasara, andika barua siku hiyo hiyo, usingoje. Masharti mengi hutoa siku chache tu. Kwa mizigo ya ndege ya kimataifa, Mkataba wa Montreal unatoa siku 14 kulalamika kuhusu uharibifu. Anza na kampuni yenyewe kwa maandishi, piga ripoti polisi upate nambari ya OB, na kampuni isipojibu peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Kama dai halizidi shilingi milioni moja, Mahakama ya Madai Madogo iliundwa kwa kesi za namna hii. Unaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.

Lakini huko kote utaulizwa lile swali la meneja: ulisema umetuma nini?

Na bangili?

Hazikupatikana. Binamu yangu alipambwa kwa dhahabu ya kuazima kutoka kwa jirani wa mama mkwe wake, na picha ni nzuri, hutajua. Lakini bangili zilikuwa amana, na mama mkubwa hakutaka kusikia habari ya kusamehewa na dada zake. Alijiunga na chama cha akina mama, akawa anaweka kila wiki kwa simu, na zamu yake ilipofika akaenda kwa sonara. Ameshatengeneza bangili mbili. Bei ya dhahabu imepanda tangu wakati ule, kwa hivyo mbili za leo zimemgharimu zaidi ya nne za zamani.

Mwezi uliopita aliniita nimsaidie kupiga picha. Akaweka kila bangili juu ya mzani, mimi nikapiga, yeye akaandika uzito kwenye daftari. Dada yake mdogo wa Malindi anaoza binti mwaka huu.

"Utazituma?" nikamuuliza.

"Nitakwenda nazo mwenyewe," akasema. "Na nisipoweza, utakwenda wewe na karatasi ya bima, na ukiulizwa ndani mna nini, utasema."